Chirutha Ashuka Kalari

"Inua mguu mpaka upige kiganja chako," Mwalimu Ambu alimwambia, na Chirutha, mjane wa miaka arobaini na ushei, msokota kamba tangu utotoni, akaangua kicheko mpaka wanafunzi wote wakageuka kumtazama.

"Kiganja kipi, Mwalimu? Hiki kilicho juu ya kichwa changu?"

"Ndicho hicho."

"Mwalimu, mguu huu haujapanda juu ya ndoo tangu nilipozaliwa."

"Basi leo tutaanza na ndoo," alisema yule mzee, wala hakutabasamu.

Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya mvua kubwa. Kalari ya Mwalimu Ambu, mahali pa kufundishia mapigano ya jadi, ilikuwa shimo la mstatili, limechimbwa kimo cha kifua cha mtu mzima, kuta zake za mawe mekundu na paa lake la makuti. Pale chini palikuwa na joto, harufu ya mafuta ya ufuta na ya jasho la vijana. Chirutha alisimama katikati yao amefunga kiunoni utambi mrefu wa nguo kama walioufunga wao, amepakwa mafuta mpaka nyuma ya masikio, na bega kwa bega naye alisimama binti yake, Saudamini, ambaye wakati huo angetamani ardhi impasukie.

Na huyo Saudamini ndiye aliyemfikisha mama yake mle shimoni.

Baba yake alikuwa mgema, mtu mwembamba mwenye vifundo vya miguu kama vya ndege. Ndiye aliyempeleka mtoto kalari akiwa bado na mapengo, akamwambia Mwalimu, "Mfundishe huyu, maana mimi hupanda miti kwa riziki, yeye na apande kwa furaha." Haikupita misimu mingi mnazi ukamwangusha, akafa. Mtoto akaendelea. Alikuwa mwepesi kuliko wavulana wote. Akishuka chini katika mkao wa nyoka hukusikia hata nguo yake. Kisha, mwezi wa Medam, kabla tu ya mvua, akavunja ungo. Wanawake wakamwogesha, wakampamba, majirani wakala wali na payasamu, uji mtamu wa maziwa, na sherehe ilipokwisha, Kanaran akasema neno lake.

Kanaran ni kaka yake Chirutha, mwenye mgahawa wa chai pale njia panda. Na kwa watu wale, mwenye kauli ndani ya nyumba ni mjomba. Baba hupita, mjomba yupo.

"Sherehe imekwisha," alisema, "na kalari nayo imekwisha."

"Imekwisha vipi, kaka?"

"Mwari hawezi kurukaruka na wavulana waliojifunga tambara la kiunoni. Kesho atakuja mposaji, ataniuliza, binti yenu anajua nini? Nimjibu anajua teke?"

"Mjibu hivyo hivyo. Ataiheshimu ndoa."

"Usinichekeshe, Chirutha. Nimesema."

Saudamini hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Aliukunja utambi wake, akauweka juu ya kabati la mchele, akaenda kukaa kwenye bwawa la kulowekea makumbi ya nazi, pale panaponuka mpaka mbwa hawapendi kupita. Uji wake wa jioni akauacha ukapoa. Kesho yake vivyo hivyo. Mama yake alimtazama akisokota kamba kama mtu anayesokota kamba ya kujinyongea, akaona hapana, hili halivumiliki. Amempoteza mume kwa mnazi. Hatampoteza mtoto kwa maneno ya mgahawani.

Akaenda kwa kaka yake. "Tatizo lako ni kwamba yuko peke yake na wavulana, sivyo? Nikienda naye je? Nikikaa pembeni nikamwangalia?"

Kanaran alikuwa akimimina chai kutoka juu kuja chini, povu likipanda. Alijua dada yake ana kazi kuanzia alfajiri. Akaona amekwishashinda. "Mwanamke mtu mzima akiwamo mle ndani, mimi sina neno."

Chirutha akaenda mbio kwa Mwalimu Ambu, akamweleza. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akachota chokaa kwa ncha ya kidole, akaipaka kwenye tambuu yake.

"Kukaa?" akauliza. "Kalari haina benchi. Benchi liko kwa kaka yako, na anauza chai juu yake. Hapa anayeshuka hupakwa mafuta, hufunga utambi, hufuata sauti. Macho matupu hayaingii. Sikuyaruhusu ya tajiri, sitayaruhusu yako."

"Mwalimu, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo nimeona. Mafuta yatakwenda mengi."

Habari hiyo ilipofika mgahawani, wanaume walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Kanaran hakucheka. Alimwita dada yake mbele yao wote, kwa maana alitaka mashahidi.

"Umesema utajifunza. Vema. Lakini sitaki maigizo ya kuchekesha watu. Sikukuu ya Vijayadashami, mvua zikiisha, Mwalimu hutoa fimbo kwa mwanafunzi aliyeiva. Akikupa wewe fimbo, endeleeni wote wawili mpaka mzeeke. Asipokupa, binti anarudi nyumbani, na neno hili lisifufuliwe tena. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Mmesikia nyote?"

Walisikia. Cheeru, mwenzake Chirutha wa kusokota kamba, aliyekuwa amesimama nje na kapu la makumbi kichwani, alisikia pia, akamvuta rafiki yake pembeni. "Umekubali nini, shoga yangu? Watoto wenye mifupa ya ndizi hukaa misimu mitatu kabla ya kuigusa fimbo hiyo!"

"Watoto wana muda," alisema Chirutha.

Hivyo ndivyo alivyofika mle shimoni, na hivyo ndivyo mguu wake ulivyoanza na ndoo.

Siku za kwanza zilikuwa za maumivu tu. Aliamka akiwa kama gogo, akashuka kitandani kwa vipande. Cheeru alikuwa akimcheka uani: "Leo umepanda ghorofa ya ngapi? Mbona unakwenda kama bata aliyetaga?" Lakini maumivu si kitu kwa mwanamke aliyezaa na aliyefukia makumbi matopeni. Kilichomshinda kilikuwa kingine, na kilitoka katika kazi yake mwenyewe.

Msokota kamba hufunga mzigo wa usumba wa makumbi kiunoni, akanasa nyuzi kwenye gurudumu linalozungushwa na mwenzake, kisha huenda kinyumenyume. Anatoa usumba kidogokidogo kwa vidole, kamba inajisokota mbele ya macho yake, naye anarudi nyuma, anarudi nyuma, mpaka mwisho wa ua. Kisha anaanza upya. Chirutha alikuwa amekwenda kinyumenyume maisha yake yote. Nadhani alikuwa amerudi nyuma kutoka kijijini kwao mpaka mji wa Kalikati na kurudi, mara nyingi kuliko treni.

Na kalari huendeshwa kwa sauti. Mwalimu haonyeshi kwa mikono. Huimba maneno, na mwili wa mwanafunzi hufuata. Kulia inua, shuka, geuka, mbele, kata, mbele, simama. Neno na mguu ni kitu kimoja. Basi kila Mwalimu alipoimba "Mbele!", miguu ya Chirutha ilikwenda nyuma. Wenzake wote walikuja kama wimbi kuelekea mashariki, yeye peke yake akaelekea magharibi.

"Mama Chirutha!" alipiga kelele Balan, kijana wa miaka ishirini, fundi kuliko wote na mdomo kuliko wote. "Adui yuko huku! Unamkimbia au unamsokota kamba?"

"Nimsokote nimwache bila mdomo," alijibu Chirutha akihema, "tungepumzika sote."

Hata Mwalimu alikohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Lakini mguu haukusikia hoja. Ukiogopa, ulirudi ulikozoea.

Kisha ikaja asubuhi ya balaa. Katika kona ya kusini-magharibi ya kila kalari kuna madhabahu yenye ngazi saba, na juu yake taa na maua mekundu. Hata mgonjwa haiegemei. Hata mtoto huipita kwa adabu. Siku ile Mwalimu aliimba kwa kasi kuliko kawaida. "Mbele! Mbele! Ruka!" Na Chirutha, kwa kuchanganyikiwa, akaruka kwa nguvu zake zote kwenda nyuma, akatua, akakaa. Alikaa vizuri kabisa, kama bibi harusi, juu ya ngazi ya tatu. Maua yakapondeka chini yake. Taa ikalala ubavu na mafuta yakamtiririkia mgongoni.

Balan mwenyewe aliuziba mdomo wake kwa kiganja. Saudamini alifunika uso kwa mikono miwili.

Mwalimu Ambu alimaliza mafunzo saa ileile. Akaleta maji, akaosha ngazi kwa mikono yake, akasali kwa sauti ya chini huku Chirutha amesimama ukutani. Alisubiri kufukuzwa. Mzee alipoinuka alimwambia, "Ulichokikalia utakihudumia. Kuanzia kesho mpaka mwezi uandame, utafika kabla ya wote. Utaosha ngazi, utachuma maua, utawasha taa. Nenda."

Habari ilifika mgahawani kabla yake. "Kanaran, ni kweli dada yako amepewa kiti kalarini?" "Tena kiti cha heshima!" Kanaran alipasua gilasi mbili za chai siku ile kwa kuziosha kwa hasira. Jioni akaja nyumbani, akasimama barazani bila kuvua ndala.

"Acha sasa, Chirutha. Acha ukiwa bado una jina."

"Vijayadashami bado."

"Unangoja nini? Ukalie na paa?"

Alipoondoka, Saudamini alisema kwa sauti ndogo, "Mama, acha tu. Mimi nitabaki nyumbani."

"Kwa nini?"

"Wanakucheka."

"Wakinicheka mimi, wewe kinakuuma nini?"

"Wakikucheka wewe, wananitazama mimi!" Sasa akalia, yale machozi yote aliyoyalimbikiza tangu siku ya ungo. "Unakwenda nyuma, Mama! Kila siku unakwenda nyuma! Mtoto wa darasa la kwanza anajua mbele ni wapi!"

Chirutha alimwacha alie. Akampakulia uji na mchuzi wa dagaa, akamwekea mbele. Akamwambia, "Kula. Wakikutazama, wakukute umeshiba. Kesho tunakwenda."

Basi akawa anafika kabla ya wote, mvua ikimwagika juu ya makuti. Anaosha ngazi, anapanga maua, anawasha taa. Na kwa sababu hakuna anayeipa mgongo madhabahu ile, akimaliza hutoka kinyumenyume, mikono kifuani, mpaka mlangoni. Kila mtu hutoka hivyo hatua mbili tatu, kisha hugeuka kwa siri. Chirutha hakugeuka. Alivuka kalari nzima, akapanda ngazi za mlango kwa kisigino, akatokea nje.

Asubuhi moja alikuta sauti imemsubiri pale nje, chini ya mwavuli wa majani. "Simama hapo. Nani amekuonyesha ngazi za mlango?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Umepanda kwa nyuma, na sakafu imelowa, hukugusa hata ukuta. Macho yako yalikuwa wapi?"

"Kwenye taa."

"Na ukienda mbele, macho yako huwa wapi?"

Chirutha akafikiri. Hakuwa amewahi kuulizwa. "Miguuni, Mwalimu."

"Kwa nini? Umeikopa?"

Akasimama pale mvuani kama aliyemwagiwa maji ya moto. Ni kweli. Akisokota kamba hakuitazama miguu hata siku moja. Macho yalikuwa kwenye kamba na gurudumu, na miguu ikajua kazi yake. Lakini akiambiwa mbele, aliiinamia miguu, akaihoji, akaitilia shaka, nayo ikashikwa na woga.

"Kalari nzima ina kitu kimoja cha kutazama," alisema Mwalimu, "nawe umekiwasha mwenyewe. Ingia."

Akaingia. Mzee akamsimamisha uso kwa taa, akaimba, polepole, mtu na mwanafunzi wake na mvua. Chirutha akakaza macho kwenye taa kama anavyokaza kwenye gurudumu. "Mbele," na mguu ukaenda mbele. "Mbele," ukaenda tena. Akafika karibu na ngazi saba, akasimama kwa heshima, mafuta yakimng'aa usoni, na hapo ndipo alipojikuta anacheka peke yake kama mtoto aliyejifunza kuogelea.

Siwezi kusema mambo yalikuwa rahisi baada ya hapo. Yalikuwa magumu, lakini yalikuwa yanakwenda mbele. Mwezi wa Karkidakam, mwezi wa mvua na wa dawa, ulipoingia, mke wa Mwalimu alimlaza juu ya mkeka, akashika kamba mbili zilizoning'inia darini, akamkanda kwa nyayo zake zilizopakwa mafuta, kutoka shingoni mpaka kisiginoni, akimsema njia nzima. "Mgongo huu umebeba nini? Nyumba? Legea, mwanangu, legea! Unanishindania nini, mimi ni mwanamke mwenzio!" Chirutha aliguna na kulegea. Walimnywesha uji mweusi wa dawa. Akashuka akiwa mwepesi, na mguu ukapita ndoo, ukapita kiuno, ukapita kifua, na siku moja katikati ya mvua ukapiga kiganja, paaa! Wanafunzi wote wakashangilia, na aliyeshangilia kwa sauti kubwa kabisa alikuwa Saudamini.

Uani nako mambo yalibadilika. Cheeru akizungusha gurudumu alimwona mwenzake akirudi nyuma na kamba, akifika mwisho, kisha badala ya kutembea kuja kuanza upya, anakuja amechuchumaa katika mkao wa nguruwe mwitu, nyonga karibu na ardhi, uso mbele.

"Jamani! Njooni mwone! Nguruwe ameingia uani!"

"Zungusha gurudumu, Cheeru. Nguruwe ana kazi."

Vijayadashami ikafika. Ni siku hiyo peke yake ambapo milango ya kalari hufunguliwa na watu wakaruhusiwa kuketi ukingoni, juu ya shimo, wakaangalia. Kijiji kizima kilikuja. Kanaran alifunga mgahawa, akavaa mundu, shuka nyeupe ya kiunoni iliyopigwa pasi, akakaa mbele kabisa, mikono magotini. Juu ya madhabahu ziliegemezwa fimbo mpya, ndefu, zimepakwa mafuta zikang'aa kama nyoka baada ya kujivua gamba. Hakuna aliyejua zipi ni za nani. Mwanafunzi akiitwa huja katikati, Mwalimu humwimbia, na mwisho humpa fimbo au humpa mkono wa kumrudisha.

Balan aliitwa kwanza. Fimbo ndefu alikuwa nayo tayari. Yeye alitaka ile fupi, inayokuja baadaye. Alikuwa mzuri kama moto. Lakini katikati, amechuchumaa, Mwalimu alinyamaza. Ghafla tu, hakuna neno. Balan alijua wimbo wote kwa moyo, alijua kinachofuata, akakifuata. Akaruka, akageuka, akakata.

"Nani amekuita?" Mwalimu aliuliza.

Balan akasimama, bado anahema.

"Nimekuuliza, nani amekuita? Sauti haijatoka. Leo umepigana na kumbukumbu yako. Rudi. Msimu ujao."

Watu wakaguna. Balan akarudi ukutani, sikio jekundu.

Saudamini akaja. Mwalimu akanyamaza kwake pia, na msichana akangoja chini, mtulivu kama maji ya mtungini, mpaka neno likaja, akaruka. Akapewa fimbo. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji la uso. Lakini hakurudi nayo kukaa. Aliilaza chini miguuni pake, akasimama karibu nayo, akimtazama mama yake. Kila mtu pale alijua kwa nini. Fimbo ile haikuwa yake bado.

"Chirutha."

Akaja katikati. Akagusa ardhi, akagusa miguu ya Mwalimu, akakaza macho kwenye taa. Sauti ikaanza. Kulia inua, akapiga kiganja. Kushoto inua, akapiga. Geuka. Nyuma, hapo hakuna aliyemfikia, alirudi kama kivuli. Mbele, akaja. Watu waliokuja kucheka wakasahau walichojia. Mbele, shuka, shuka tena, mkao wa nguruwe mwitu, nyonga chini, kifua juu ya goti, na hapo sauti ikakatika.

Chirutha akabaki pale.

Mwalimu Ambu hakunyamaza tu. Aliketi. Akafungua kibweta chake, akachagua jani la tambuu, akalifuta kwa paja, akalipaka chokaa taratibu, akaweka popoo, akalikunja. Ukingoni watu walianza kutazamana. Kwa Balan kimya kilikuwa cha pumzi chache. Kwa binti, kidogo zaidi. Huyu mzee anafanya nini? Paja la Chirutha likaanza kutetemeka. Jasho likamtoka kidevuni tone kwa tone, likatengeneza doa kwenye vumbi jekundu. Goti la nyuma lilikuwa kidole kimoja tu juu ya ardhi, na miaka yote ya mwili wake ilikuwa imening'inia kwenye kidole hicho. Mwalimu akatia tambuu mdomoni, akatafuna.

Chirutha hakusikia watu. Taa ilikuwa pale, na neno lilikuwa halijaja. Hakuwa na kingine chochote duniani cha kufanya ila kungoja.

Aliyeshindwa kungoja alikuwa mwingine.

"Mwalimu!" Sauti ilipasuka kutoka ukingoni. "Mwalimu, sema neno! Utamuua dada yangu!"

Watu wakageuka. Ni Kanaran. Amesimama, mundu wake mweupe umejaa vumbi, ngumi zimekunjwa, machozi yanamtoka bila yeye kujua.

"Nani anasema kalarini mwangu?" Mwalimu aliuliza huku akitafuna.

"Mimi, Kanaran! Humwoni? Mguu wake unatetemeka! Amengoja vya kutosha, sema neno!"

"Nawe ulipokuwa mwanafunzi wangu, ulikaa hivi muda gani?"

"Mimi nilikimbia, Mwalimu! Unajua nilikimbia, mvua ya kwanza tu nikakimbia, kila mtu anajua! Huyu hakukimbia! Sema neno, nakuomba!"

Kicheko kikapita ukingoni kama upepo katika mpunga. Na katikati ya kelele zote hizo, sauti ya kaka yake, kicheko cha watu, mtoto wake akivuta pumzi kwa kwikwi, Chirutha hakusogea hata unywele. Hakuna hata moja kati ya sauti hizo iliyokuwa ya Mwalimu.

Mzee akatema tambuu. Akasimama.

"Mbele!"

Akaja. Alinyanyuka kutoka chini kama kitu kilichofyatuliwa, mguu mbele, mkono mbele, mbele tena, akakata, akageuka, akakata, mbele, mbele, na kila neno lilipotoka lilimkuta mguu tayari unalisubiri. Alifika mbele ya ngazi saba, akasimama wima, viganja vimekutana kifuani. Makofi yaliyopigwa siku ile yalimwangusha mjusi darini. Wapo walioapa walimwona.

Mwalimu Ambu akachukua fimbo ndefu kuliko zote, akaiweka juu ya mikono ya Chirutha. Alisema kwa sauti ambayo hata waliokaa nyuma walisikia, "Nimefundisha miaka mingi. Huyu ni mwanafunzi." Basi. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Saudamini akaokota fimbo yake pale chini.

Walirudi nyumbani na nusu ya kijiji nyuma yao, Cheeru akiongoza kwa vigelegele, akimwambia kila waliyekutana naye, "Huyu tunasokota naye kamba! Ndiyo, huyu! Ua mmoja!" Wasichana wawili waliotolewa kalari mwaka uliopita walikuwa tayari wamewashika mama zao mikono, wanawavuta, na mama mmoja akisikika akisema, "Niache kwanza nifikiri, mtoto wewe, nina goti bovu," na Chirutha akamgeukia: "Lete hilo goti. Tutaanza na ndoo."

Kanaran alitangulia mbio. Walipofika walimkuta amepanda juu ya kigoda barazani, nyundo mkononi, misumari mdomoni, ametokwa na jasho. Fimbo zile hazipiti mlangoni, alisema, ni ndefu mno, na kuziegemeza ukutani kutazipinda, hata mpumbavu anajua hivyo, basi lazima zilale juu ya boriti. Alikuwa amekwishapigilia misumari miwili.

"Ya nani hiyo, mjomba?" Saudamini akauliza.

"Ya mama yako. Ya nani tena?"

"Na yangu?"

Kanaran akatoa msumari mwingine mdomoni. "Kwani nimeshuka? Nipe nafasi nifanye kazi. Na nyinyi wawili msisimame hapo kama wageni wa harusi, mtu anishikie kigoda."

Chirutha akaenda kukishika. Mikono ilikuwa bado inamtetemeka, na kigoda kikatetemeka pamoja nayo, na kaka yake akapiga msumari, akakosa, akapiga kidole, akalaani minazi yote ya Malabari. Chirutha akacheka. Alicheka mpaka akalazimika kuegemea nguzo, na usiku kucha watu waliopita njia ile walisikia kicheko hicho na nyundo ikigonga.